Bati Lililobisha Mchana

Watu wakisikia kwamba niliitwa majumbani kwa sababu ya kelele za usiku, hudhani nilikuwa mganga. Sikuwa mganga, na majini siwajui hata kwa jina. Nilikuwa fundi wa paa, mwenye kibanda cha kazi nyuma ya soko la Kibuye mjini Kisumu, nyundo ya mpini wa mpera, na ngazi niliyoitengeneza kwa mikono yangu. Jina la Fundi wa Kelele nilipewa na watu. Wengine waliniita Fundi Okuyu, kama watu wa huku wanavyowaita watu wa kwetu, kwa sababu nilitoka Nyeri na Kiswahili changu kilikuwa bado na ukungu wa mlimani.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaojifunza ujenzi siku hizi, mnaopima paa kwa simu. Sina ugomvi na simu. Lakini simu haijawahi kulala chali sakafuni kwa mtu, jua likizama, ikasikiliza nyumba inavyopoa.

Kupoa ndiko kunakosemesha nyumba. Shikeni hilo kwanza. Kule kwenye ziwa jua hupiga mabati kutwa nzima, mpaka ukiyatazama kwa mbali unaona hewa inacheza juu yake. Bati hutanuka. Jioni upepo unageuka, jua linashukia majini likiwa jekundu na zito, na bati linaanza kurudi kwenye kipimo chake. Likipigiliwa vizuri linarudi kimya. Likibanwa mahali, linavuta, linavuta, halafu linaachia: ko! Mimi nililala kwenye sakafu nyingi nikisikiliza hayo. Ukitulia, unasikia mabati ya mtaa mzima yakiitikiana, la jirani, la ng'ambo, la mbali kabisa karibu na matete, na harufu ya omena, dagaa wa ziwani, waliokauka inapita chini ya mlango. Baada ya muda hujui tena kama unasikia au unaota. Mara nyingi nilisinzia kazini namna hiyo, na hakuna aliyenifukuza.

Aliyenifundisha kusikiliza ni Mzee Zakaria, fundi wa zamani kutoka upande wa Maseno. Alikuwa mfupi, mwenye kofia ya sufu hata kwenye joto la Januari. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa, na alipenda kusema kwamba ndilo lililomfanya fundi, kwa sababu hakuweza kusikiliza kazi na umbea kwa pamoja.

"Usiulize kelele iko wapi," aliniambia siku ya kwanza. "Mtu ameogopa hawezi kukuambia wapi. Uliza ni saa ngapi. Halafu uliza ilianza lini, na kitu gani kilifanyika mbele yake. Ukimaliza kuuliza, kunywa chai. Ukimaliza chai, sasa ndio ushike ngazi."

Nilidhani habari ya chai ni ulafi wa mzee. Mtaona.

Mwalimu mmoja alinijia akiwa hajalala wiki nzima. Alisema kuna mtu anacheza bao juu ya silingi yake, kila usiku, na anacheza vizuri kuliko yeye. Nilipofungua silingi nikakuta panya walikuwa wamejaza mle ndani mbegu za parachichi, na usiku walizisukuma mbegu hizo kutoka ukuta hadi ukuta. Nilizishusha kwa ndoo. Mwalimu alisimama akizitazama kwa uso wa mtu aliyeonewa, akasema afadhali ingekuwa pepo, angalau angesimulia.

Na kuna mara ambapo kelele haiko kwenye nyumba kabisa. Kule Dunga niliitwa kwa watu waliosema ukuta unapumua. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikaubisha ukuta kwa ndani ili nisikie kama una uwazi. Ukuta ukanibisha na mimi, kwa nguvu zaidi. Alikuwa kiboko, ametoka majini kula majani, ameona pembe ya nyumba inafaa kujikunia mgongo. Hapo sikuuliza saa wala sikunywa chai. Nilipanda kwenye kitanda cha wenyewe, tukakaa juu yake sote mpaka alfajiri, baba, mama, watoto watatu na fundi.

Hayo huwa nayasimulia nikicheka. Lipo moja ambalo silisimulii nikicheka mpaka mwisho, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mama Akinyi aliuza omena pale Otonglo, kando ya barabara ya Busia. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, na alipima omena kwa kopo lake bila kuangalia, mkono ukijua wenyewe. Mumewe, Okello, alikuwa dereva wa lori la miwa. Okello alimjengea nyumba chini kule kuelekea ziwa, ndani ya boma la kwao. Mabati aliyanunua kidogo kidogo kila lori lilipopita, mawili Awasi, matatu Sondu, mengine mjini, mpaka yakatosha. Wakahamia. Hawakumaliza miezi mitatu mle ndani, Okello akaugua, akafa.

Karibu mwaka baada ya mazishi, paa likaanza kubisha. Kila jioni, jua likizama, mpaka watoto walipolala. Ko. Ko-ko. Kimya. Halafu ko tena, pole pole, kama mgeni mwenye adabu.

"Fundi," aliniambia pale sokoni, "mimi nimeokoka. Sitaki kudanganywa. Kama ni yeye, niambie nijue. Kama ni mbao, niambie nijue. Shemeji zangu wanasema ni yeye."

Hapo Mzee Zakaria angeuliza: wanasema anataka nini? Mimi sikuuliza. Nilikuwa kijana, nilikuwa na ngazi mpya, na nilitaka kuonekana nimeibeba.

Nilifika kwake asubuhi, jua likiwa limeanza kuuma. Aliniambia niketi, yeye akaingia jikoni kupika chai. Nikaizunguka nyumba. Nyuma, chini ya ukuta unaotazama machweo, kulikuwa na kigoda kidogo, na nyasi mbele yake zilikuwa zimekwisha kwa kukanyagwa na miguu. Nikadhani ni watoto hucheza hapo. Nikaegemeza ngazi, nikapanda.

Juu niliona mambo mara moja. Misumari ilikuwa imelegea, vichwa vimeinuka. Nikaona hii ni kazi ya dakika chache, Mama atatoka na chai akute nimemaliza, atacheka mwenyewe. Nikapiga msumari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Niliponyanyua nyundo kwa wa nne nikasikia kilio.

Chini yangu alisimama mama mzee, mikono kichwani, kikapu kimeanguka, dagaa wametawanyika. Huyo alikuwa mama yake marehemu Okello. Boma zima lilimwita Dani, yaani bibi. Kutoka nyumba ya pili akaja mbio mtu mwenye povu la sabuni nusu ya uso na wembe mkononi. Huyo alikuwa Ochieng', kaka mkubwa wa Okello.

"Wewe! Shuka!"

"Ngoja kidogo, Bwana, nimalize hili moja..."

"Shuka, nakuambia! Unajua hapo uko wapi?"

"Niko kwa bati."

"Uko mahali ya ndugu yangu!" akapaza sauti, povu likiruka. "Hiyo nyumba ni ya mjane. Mwanaume akipanda kutengeneza, huyo ndiye amechukua nyumba. Na mwenye nyumba! Wewe umekuja kuoa na ngazi?"

Hivyo ndivyo nilivyojua desturi ya watu niliokuwa nikiishi kati yao miaka sita. Paa la mjane haligongwi na kila mwenye nyundo. Anayepanda kulitengeneza ametangaza mbele ya boma kwamba ameshika nafasi ya marehemu, amekuwa mrithi wake, wanayemwita jater. Kwa misumari mitatu nilikuwa nimeoa.

Mama Akinyi alitoka na sinia la chai. Alinitazama juu ya paa lake, akamtazama Ochieng', akaliweka sinia chini taratibu.

"Nilidhani utakunywa chai kwanza," akaniambia. "Nilitaka kukueleza ukiwa umekaa."

Vijana, nimeanguka kutoka paa mara mbili maishani, na hazikuniuma kama sentensi hiyo.

Waliniamuru niing'oe misumari ile mitatu. Niliing'oa mmoja mmoja, boma zima likihesabu kwa sauti, nikaishusha mkononi. Ochieng' aliipokea akaenda kuitupa chooni. Nikafikiri yameisha. Aliporudi, povu limeshakauka usoni, hakuwa na hasira tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Mama Akinyi," alisema, "tumekuheshimu. Umesema umeokoka, hutaki kurithiwa, tukanyamaza. Lakini ndugu yangu anabisha kila jioni. Anataka nyumba yake ishikwe na mtu ya nyumba. Sasa watu ya barabara wameanza kupanda. Jumamosi tutakaa. Ukubali nishike nyumba, ama urudi kwenu. Watoto watabaki dala."

Dala ni boma. Watoto wangebaki bomani, na yeye angeondoka na nguo zake na kopo la kupimia omena. Dani alikuwa ameinama akiokota dagaa wake, na hakuinua kichwa.

Nilitembea mpaka Otonglo na ngazi begani nikiwa na aibu ambayo sijui kuiandika. Nyumbani, mke wangu aliposikia alicheka mpaka akashika mlango.

"Umeenda kazini ukarudi na mke mwenza, na hata hujamleta nimwone!"

Nilipofika kwa habari ya watoto aliacha kucheka. Alisema, "Wewe ndiye umeharibu. Rudi utengeneze." Halafu akalala akinipa mgongo.

Nilikwenda kwa Mzee Zakaria. Hakunikemea. Aliniuliza maswali yake yale yale, na safari hii niliyajibu. Saa ngapi? Jua likizama mpaka watoto walale. Ilianza lini? Karibu mwaka baada ya mazishi. Kitu gani kilifanyika mbele yake? Mwenye nyumba alikufa.

"Na mbele ya kufa?"

"Alijenga."

"Na miti gani?"

"Mkaratusi."

"Ilikatwa lini?"

Nikakumbuka Mama Akinyi alivyonisimulia pale sokoni kwa fahari, kwamba Okello alikata miti Jumatatu na Ijumaa paa lilikuwa limesimama. Miti mibichi. Mzee Zakaria alicheka kwa pua. Mti mbichi unaushika msumari kwa nguvu zote, kisha unakauka pole pole, mwaka mzima, unasinyaa, na msumari unabaki na nafasi ya kucheza. Mabati nayo yalikuwa ya unene tofauti, la Awasi jembamba, la mjini nene, kila moja linapoa kwa mwendo wake na kumvuta jirani yake. Marehemu hakuwa anabisha. Miti yake ilikuwa inamaliza kukauka.

"Nitawaambia hivyo Jumamosi," nikasema.

"Utawaambia, na watakuambia wewe ni Okuyu na hujui wafu wao. Na kweli hujui."

Alikuwa na jiko la makaa miguuni. Akaweka juu yake kifuniko cha sufuria, tukakitazama kikipata moto. Kisha akachovya vidole kwenye kikombe cha maji akakinyunyizia. Kifuniko kikalia: pang!

"Kelele ikija usiku," alisema Mzee Zakaria, "kila mtu ni mtaalamu. Iite mchana."

Jumamosi nilifika saa nane, jua la utosi limeshaanza kuegemea ziwa. Sikubeba ngazi. Nilibeba mgongoni pampu ya kunyunyizia dawa, niliyoazima kwa mkulima wa nyanya na kuiosha mara nne, imejaa maji ya kisimani. Boma lilikuwa limeketi kwenye kivuli cha nyumba ya Ochieng'. Hakuna aliyesema karibu. Joto lilikuwa limewalegeza hata mbwa. Ziwa kule chini lilikuwa jeupe, halina mwendo, na mabati ya Mama Akinyi yalikuwa yanang'aa mpaka macho yanatoa machozi. Nilisimama katikati ya mwanga huo nikajiona kama ninaota nimefika kwenye harusi yangu bila viatu.

"Huyu bwana arusi amerudi," mtu mmoja akasema. Wakacheka kidogo.

Nikasema nimekuja kuomba radhi, na kwamba naomba kulimwagia bati maji nikiwa chini, basi. Ochieng' akasimama.

"Hakuna kugusa hiyo paa! Hata na maji!"

Mama Akinyi alikuwa ameketi peke yake kwenye mkeka, mtoto mdogo mapajani. Alisema bila kupaza sauti, "Mvua inanyesha hapo kila siku, shemeji. Imenioa?"

Kicheko kilichotoka hapo kilikuwa cha kweli, na Ochieng' mwenyewe alishindwa kuuzuia mdomo wake. Akaketi. Nikapiga pampu, nikaelekeza maji juu, kwenye bati la katikati.

Kwa muda mfupi ilikuwa ni mvuke tu. Halafu paa likabisha. Ko. Ko-ko. Kimya. Ko.

Saa nane ya mchana, jua likiwaka. Watoto walipiga kelele wakakimbia, wakarudi. Wazee walisimama. Ochieng' alivua kofia. Akasema kwa sauti ya mtoto mdogo, "Okello?"

Mpaka siku hiyo nilidhani anatumia kelele ile kupata mke na nyumba. Pengine alitaka hivyo vyote. Lakini alikuwa pia mtu aliyemzika mdogo wake na kumsikia akirudi kila jioni, na nilijuta kwa jinsi nilivyokuwa nimemfikiria njia nzima.

Nikavua pampu, nikamvisha yeye mgongoni. "Wewe piga," nikamwambia. "Chagua bati lolote."

Alipiga la kushoto, likabisha kushoto. Alipiga la mwisho, likabisha mwisho. Kelele ilifuata mkono wake popote alipouelekeza. Nikawaeleza habari ya miti mibichi na mabati ya Awasi, na sasa walinisikiliza, kwa sababu masikio yao yalishatangulia. Ochieng' aliendelea kupiga pampu hata nilipomaliza kusema, uso umelowa, sijui kwa maji yapi.

Kisha Dani akanyanyuka. Alitembea mpaka nyuma ya nyumba, upande wa machweo, tukamfuata. Akaonyesha kwa mkono bati lililokuwa juu ya kile kigoda.

"Hii."

Ochieng' akalipiga maji. Ko. Ko-ko.

"Tena."

Ko.

"Tena," akasema Dani. Alikuwa amefumba macho, kichwa kimeinama upande. Ochieng' akapiga, na bati likalia kidogo. Akapiga tena, halikulia. Maji yalikuwa yanateremka tu, yakidondoka kwenye vumbi.

"Imeisha?" akaniuliza. Ndiyo mara ya kwanza aliyoniambia neno.

"Limepoa, Dani. Mpaka lipate jua tena."

Kuku wa jirani alikuwa anakunywa maji yaliyodondoka. Mama Akinyi alikuwa amesimama nyuma yangu na nilimsikia anavyopumua.

"Ochieng'," Dani akasema, "umesikia. Huyo si ndugu yako. Mtoto wangu amelala huko tulimweka. Huyu mama mwache kwa nyumba yake, na watoto wake, mpaka siku yeye mwenyewe atasema kitu. Kama hatasema, asiseme."

Akaenda zake nyumbani kwake, bila kuaga mtu. Na mama akishasema hivyo bomani, hakuna mwana anayeongeza neno. Wanaume waliondoka wawili wawili. Mama Akinyi aliketi chini pale pale kwenye matope yaliyotokana na maji yangu, akalia, na mimi nikaenda kuosha pampu ambayo ilikuwa safi.

Wiki iliyofuata tulitengeneza paa kutoka ndani. Ukiwa na bati linalolia na huwezi kupanda juu, tafuta tyubu kuukuu ya baiskeli, ikate vipande vyembamba, uviingize kwa kabari kati ya mti na bati pale yanapogusana. Bati litavuta, lakini litavuta mpira, na mpira hausemi. Ochieng' alisimama mlangoni awe shahidi. Aliyepanda mezani ni Mama Akinyi. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika meza na kumwelekeza. Alikuwa na mkono mzuri. Angekuwa fundi bora kunishinda.

Tulifika bati la mwisho, lile la upande wa machweo. Nikampa kipande cha tyubu. Hakukipokea.

"Hii wacha," alisema.

"Itakusumbua, Mama. Ndiyo inayolia kuliko zote."

Akatazama mlangoni. Ochieng' alikuwa ametoka kuvuta sigara. Akanionyesha kwa kidevu kule nyuma, kwenye kigoda.

"Anakuja kila jioni. Anasema anafukuza kuku. Kuku wangu wote waliliwa na kicheche mwaka jana."

Kwa desturi yao mama halali kwenye nyumba ya mwanawe. Kwa hiyo tangu paa lilipoanza kubisha, kila jua likizama, Dani alikuwa akija kuketi nje, mgongo kwenye ukuta.

"Lakini amesikia mwenyewe ni bati," nikasema. "Amesema mbele ya wote."

"Amesikia," Mama Akinyi akajibu akishuka mezani. "Na jana alikuja." Nikakirudisha kipande cha tyubu mfukoni.

Miaka ilikwenda. Mji ulipanuka, silingi za mbao zikaacha kuwa fasheni, Mzee Zakaria akazikwa na kofia yake. Niliitwa kwenye kelele nyingi, na kila mahali niliketi, nikauliza saa, nikanywa chai mpaka kikombe kikaonekana kitako. Wakati mwingine, nikiwa sakafuni kwa watu jioni, usingizi ukianza kunichukua, nilisikia lile bati moja kule chini kwa ziwa likibisha. Lilikuwa maili nyingi kutoka nilipolala, na nilijua siwezi kulisikia.

Ilikuwa miaka ya tisini imeshakolea nilipoletewa ujumbe wa Mama Akinyi na mwanamke mmoja wa omena: Dani amepumzika, tumemzika. Njoo siku moja jioni. Usilete ngazi.

Nilikwenda na vipande vya tyubu mfukoni. Nywele za Mama Akinyi zilikuwa zimeingia mvi. Binti yake Akinyi alikuwa mwanamke mzima, amekuja na mtoto mgongoni. Ochieng', mzee sasa, alinipungia mkono kutoka kwake akaniita shemeji, utani ambao haukuwahi kuisha. Nikauliza meza iko wapi.

"Ile bati nimemaliza mwenyewe jana," Mama Akinyi alisema.

"Sasa umeniitia nini?"

"Nimekuita usikilize. Mimi siamini masikio yangu."

Tukaenda nyuma ya nyumba. Kigoda kilikuwa pale pale, na pale mbele yake nyasi zilikuwa bado hazijaota. Hakuna aliyekikalia. Tuliketi chini, migongo kwenye ukuta uliokuwa bado na joto la mchana. Jua likashuka, likagusa maji, likazama. Upepo ukageuka. Kwa Ochieng' bati likaanza: ko. La jirani likaitika, na la mbali, na la karibu na matete, boma baada ya boma, mpaka kote kukawa kunabisha katika mwanga ule wa samawati. Mtoto wa Akinyi alikuwa amelala mgongoni. Juu yetu hapakusemwa kitu.

Tulingoja mpaka nyota zikaonekana. Nilimkumbuka yule mama mzee ambaye hata hakuwahi kunisalimia vizuri, na nilimwambia Mama Akinyi hivyo.

"Umesikia chochote?" akaniuliza.

"Hakuna kitu, Mama."

Akanyanyuka. Akakishika kigoda, akakipangusa vumbi kwa leso, juu na chini na miguu yake mitatu, akakiingiza ndani ya nyumba.

"Karibu chai, Fundi," akaniita kutoka ndani.